Hodi ya Tatu Kwenye Msitu wa Matope

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, kwa sauti, nijue wote mpo!

Pakawa! Tupo!

Basi sogeeni. Sogeeni zaidi. Khatibu, toka hapo dirishani, vuta pazia kwanza. Mwatime, shika mkono wangu, wewe shika tu, usiniulize kwa nini una baridi. Kesho mwalimu wenu anawapeleka matembezi kule kwenye msitu wa matope, na mimi nimekubali, mtakwenda, siwezi kuwafungia ndani maisha yenu yote. Lakini hamwendi kabla hamjaisikia hii.

Hapo zamani, tena si zamani sana, alikuwako mama mmoja, jina lake Mashavu binti Kombo. Alitoka kwao Tanga akamfuata mumewe huku Uskoti, wakapata nyumba ya mawe iliyokaa peke yake chini ya kilima. Mumewe, Shomari, alikuwa akilisha samaki kwenye vizimba vya baharini. Anaondoka Jumatatu, anarudi Ijumaa. Sasa katikati hapo Mashavu anabaki na nani? Na mwanawe Riziki, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema. Na jirani mmoja tu, Bibi Efi, kikongwe wa huku huku, mwenye kondoo wengi na mbwa mmoja mwenye jicho la buluu.

Wiki nzima Mashavu hasikii Kiswahili ila kile kinachotoka kinywani mwake mwenyewe. Mjue upweke huo. Mtu anaweza kuongea na birika.

Basi ili mtoto asije akakua hajui lugha ya kwao, akamfundisha mchezo. Mama anajificha nyuma ya mlango, anasema, "Hodi!" Mtoto anajibu, "Kabu!" maana karibu nzima ilikuwa ndefu kwa ulimi wake. Hodi, kabu. Hodi, kabu. Hodi, kabu. Asubuhi huo, mchana huo, jioni huo, na mtoto anacheka mpaka anapaliwa.

Siku moja, ilikuwa Jumatano, jua likatoka. Huku jua likitoka mtu haulizi, anavaa. Mashavu akavaa buti zake za mpira, akamfunga Riziki mgongoni kwa kanga, akachukua chupa ya chai ya tangawizi na kipande cha mkate wa kumimina, akashika njia.

Akamkuta Bibi Efi kwenye geti la zizi.

"Unakwenda wapi na mtoto?"

"Kutembea tu, bibi. Nataka nikauone huo msitu."

"Fuata njia ya mbao. Usiiache. Chini ya ile miti hakuna ardhi, kuna ngozi ya ardhi tu."

"Sawa, bibi."

"Na urudi kabla kondoo wangu hawajalala."

"Kwani wanalala saa ngapi?"

"Wakichoka kunitukana," akasema Bibi Efi, akaendelea kufunga geti lake kwa kamba.

Basi akenda. Akapita kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, akapita vilima vya kahawia kama mgongo wa ngamia, akapita kijito, akaingia msituni. Na msitu wenyewe, wanangu, haukuwa na sauti. Miti myembamba ya magome meupe, imeinama huku na huku kama watu waliochoka kusimama. Chini kote majani kama manyoya ya kijani, laini, yanakualika uyakanyage, ukibonyeza kwa kidole yanatoa maji. Na maji yenyewe meusi, rangi ya chai iliyochemka ikasahauliwa jikoni.

Mashavu aliogopa kidogo. Ukiogopa unafanya nini? Unaongea. Akafika kwenye mti ulioegemea njia, akabisha kwenye gome, ngo ngo. "Hodi!" Riziki mgongoni, "Kabu!" Mti wa pili, hodi, kabu. Mti wa tatu, hodi, kabu.

Na kila walipocheza, maji pembeni ya mbao yalitikisika. Upepo haukuwepo. Mashavu aliona, akajiambia ni chura. Sisi watu wazima ndivyo tulivyo, tukiona kitu tunakitafutia chura.

Hajafika mbali mvua ikashuka. Mbele yake akaona kibanda cha mbao, hivi wanavyojengewa watu wa kutazama ndege, kina benchi, kina kidirisha chembamba, kina mlango. Akaingia, akavuta mlango, akamfungua mtoto akampakata. Akamimina chai. Mvua inapiga juu ya bati. Akasema, Alhamdulillahi, angalau hapa pakavu.

Mara nje ya mlango:

"Hodi."

Mashavu akakaza shingo. Mikono ikasimama na kikombe.

Nanyi mnaijua desturi yetu, nimewafundisha. Hodi ni tatu. Ya kwanza mwenyeji asikie, ya pili ajiweke sawa, ya tatu aamue. Ikipita ya tatu hakuna aliyejibu, mgeni anageuka anarudi alikotoka, wala hanuni.

"Hodi," ya pili hiyo. Sauti laini ya kike, kama ya shangazi mtu amefunga safari na kikapu.

Moyo wa Mashavu ukaruka. Mtu wa kwetu! Huku! Kwenye mvua hii! Hakujiuliza ametokea wapi, hakujiuliza mbona hakusikia hatua kwenye mbao. Ulimi wa mpweke hauna breki.

"Hodi," ya tatu.

"Karibu!" akasema Mashavu. "Karibu, pita!"

Mlango ukafunguka.

Si shangazi. Ni zimwi! Liliinama kuingia, likainama tena, likainama tena, ndipo likaenea. Mwili tope jeusi tupu, nywele yale manyoya ya kijani yanatiririka maji, meno meupe mapana kama magome ya ile miti. Likakaa kwenye benchi, benchi likalia. Likatabasamu.

"Ahsante, mwenyeji," likasema. "Tangu asubuhi nawasikiliza, wewe na mwanao. Mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Neno tamu sana. Miaka mingi nawaita watu wa hapa kwa maneno ya kwao, wanakaza mwendo, hakuna anayejibu. Wewe tu umenijibu."

Hapana, Khatibu, hakukuwa na polisi. Nyamaza, sikiliza.

Mashavu alitaka kupiga kelele, nani angemsikia? Kukimbia, zimwi limekaa katikati yake na mlango. Na lile neno limeshatoka. Mgeni uliyemkaribisha kwa kinywa chako humfukuzi.

"Mwenyeji," likasema zimwi, "mgeni hupewa nini?"

Akalipa chai. Likanywa chupa nzima, likatafuna na kifuniko, kikalidondoka mapajani.

"Mwenyeji, mgeni hupewa nini?"

Akalipa mkate. Likaumeza na karatasi yake.

"Mwenyeji, mgeni hupewa nini?"

"Nimeishiwa," akasema Mashavu, meno yanagongana. "Wallahi sina kitu tena."

Zimwi likamtazama Riziki. Likanyoosha mikono yake miwili, myeusi, inadondosha maji, polepole, kama bibi yeyote yule anavyonyoosha.

"Watu wanapumzika humu, nami natazama kwa kidirisha. Mgeni hupewa mtoto ampakate. Nipe mwanao nimpakate."

Na kweli, si ndivyo tunavyofanya? Mgeni hajakaa vizuri, mtoto yuko mapajani pake. Kumnyima ni kumtukana. Lakini Mashavu akatazama mapaja ya zimwi, akaona kile kifuniko cha chupa kilichodondoka hapo kinazama, taratibu, kinazama ndani ya tope la paja, kimekwenda, hakipo.

Akamkumbatia mwanawe mpaka mtoto akaguna.

"Mgeni wangu, samahani, mtoto ana usingizi."

"Nitangoja," likasema zimwi. Na maji yakapenya kati ya mbao za sakafu, yakalowesha nyayo.

"Mgeni wangu, samahani, nepi yake imejaa."

"Nitangoja." Maji yakafika kifundo cha mguu.

"Mgeni wangu, ana mafua, atakuambukiza."

"Nitangoja," likasema zimwi, likacheka. "Mimi na mafua! Nitangoja hapa hapa, mwenyeji, giza linakuja, na giza likija mimi huwa mkubwa." Maji yakapanda, yakawa yanagusa benchi.

Mashavu akatazama kidirishani. Nuru ya nje ilikuwa inakuwa ya kijivu. Mnajua jinsi jioni ya huku inavyoanguka, kama mtu amekuzimia taa bila kukuuliza.

Alilia ndani kwa ndani. Akawaza, ee Mola, mimi mwenyewe nimelifundisha. Nimelifundisha kuingia. Halafu hapo hapo akashtuka. Kuingia! Kuingia tu! Mchezo wao ulikuwa hodi na kabu basi, hata siku moja hawakucheza kuaga. Zimwi linajua mgeni anavyoingia. Anavyotoka, halijui.

Akasimama. Akamfunga Riziki mgongoni, akakaza fundo mara mbili.

"Mgeni wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Basi kwetu mgeni aliyekula akanywa husindikizwa. Mwenyeji anatoka naye, anatembea naye kuelekea kwake, mpaka mgeni mwenyewe amwambie rudi. Na habari za mtoto huwa huko, mwisho wa safari."

Zimwi likacheka mpaka bati likatikisika. "Kumbe nyinyi ni watu wazuri namna hii! Chakula kinajileta chenyewe mpaka mlangoni kwangu! Nisindikize, mama, nisindikize!"

Wakatoka. Hatua chache tu, zimwi likaiacha njia ya mbao, likaingia kwenye manyoya ya kijani. Mashavu akasimama ukingoni. Akalikumbuka neno la Bibi Efi, kwamba kule chini ni ngozi ya ardhi tu. Lakini anayesindikiza hachagui njia. Akasema bismillahi, akakanyaga.

Tope likamshika mpaka nusu ya buti.

"Mgeni wangu!" akaita. "Hata sijakuuliza. Mama hajambo?"

Zimwi likasimama. Mgeni akiulizwa hali hujibu, hata zimwi halina ujanja. "Sina mama."

"Ooh, pole jamani. Alifariki lini?"

"Sikuwa naye! Nilitoka kwenye tope!"

"Basi tope halijambo?"

"Halijambo. Twende."

"Na maji, hayajambo?"

"Hayajambo! Twende!"

Wakaenda. Tope likafika magotini. Mashavu alikuwa hajisikii miguu, machozi na kamasi vinashuka, lakini kinywa hakikufungwa, maana alijua akinyamaza tu, watafika. Akauliza mizizi, haijambo. Akauliza vyura, akataka kujua waliooa na wasiooa. Akauliza baridi ya mwaka huu ukilinganisha na ya mwaka jana. Zimwi linasimama, linajibu, linasaga meno. Na Riziki mgongoni, maskini hajui kitu, anaona ni mchezo, "Kabu! Kabu!" Kila akisema, zimwi linageuza shingo na kulamba midomo, na Mashavu anaongeza sauti kuifunika ya mwanawe.

Wakafika kwenye dimbwi kubwa jeusi. Tope kiunoni. Akamfungua mtoto mgongoni, akamwinua juu ya kichwa chake.

"Ni hapa," likasema zimwi, likanyoosha mikono. "Nipe."

"Ngoja kwanza, salamu!"

"Salamu gani tena?"

"Hee, unaingiaje kwako bila salamu? Wataniona mimi sina adabu. Nisalimie tope. Nisalimie maji. Waambie Mashavu binti Kombo anawasalimu sana, sana tu, na wasione kimya."

"Nitawaambia! Nipe!"

"Utasahau. Hebu rudia nisikie."

Zimwi likarudia.

"Umesahau wasione kimya."

Likarudia tena, povu linalitoka.

"Na vyura, mmoja mmoja. Na ule mti wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Na mizizi, ile mikubwa kwanza kisha midogo. Halafu tuonane Mungu akipenda, na tusitupane, na kari..."

Akauma ulimi. Wanangu, aliuma mpaka damu ikajaa kinywani. Maana mnajua tunavyoagana, mdomo unakwenda wenyewe, karibu tena, karibu tena. Silabi mbili zilishatoka. Zimwi limeinama, limetega sikio, halipumui.

"Na kari... kariakoo," akasema Mashavu, "nina binamu yangu Kariakoo, naye ukimwona msalimie. Na mumewe. Na watoto wao sita, nianze na yule mkubwa..."

"Mwanamke!" zimwi likanguruma, msitu mzima ukainama. "Huna kwako? Huchoki? Rudi! Rudi! Rudi kwenu!"

Zimwi likajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Sijasema," likasema.

"Umesema," akasema Mashavu. "Umeniambia rudi. Ahsante, mgeni wangu. Nimerudi."

Na tope likamwachia, pwaa! likamtema kama mbegu. Buti moja likabaki huko. Akajikokota kwa tumbo, mtoto mbele yake, mpaka akashika ubao wa njia. Nyuma yake zimwi likawa linazama taratibu dimbwini, kichwa cha mwisho, na kabla halijafunikwa likasema, "Hodi bado naijua."

Mashavu alikimbia. Buti moja, mguu mmoja wazi, mbao zinalia. Bibi Efi alikuwa amesimama kwenye geti na tochi yake, mbwa amejificha nyuma ya sketi.

"Kondoo wameshalala," akasema Bibi Efi. "Buti jingine liko wapi?"

"Limemsindikiza mgeni."

Bibi kizee akatazama msitu. Hakucheka. "Ingia ndani ufunge mlango. Nikufikishe?"

"La, bibi!" akasema Mashavu. "Nakuomba. Leo mtu asimsindikize mtu."

Akaingia, akafunga, akasukuma meza mlangoni. Akakaa chini jikoni, mtoto kifuani, hawajabadili hata nguo.

Basi magharibi hiyo hiyo:

"Hodi."

Riziki akainua kichwa, macho yanang'aa. Mchezo! Akafungua kinywa, "Ka..." Mama akampa ziwa haraka. Akanyonya.

"Hodi." Ile ya shangazi.

Riziki akaachia ziwa, anacheka, "Ka..." Akamrudishia, anamwimbia kwa pumzi tu, bila sauti.

Ya tatu ikachelewa. Halafu ikaja, na ilikuwa sauti ya Shomari. Sauti yake kabisa, na kile kikohozi chake cha moshi. "Mke wangu, hodi. Nimepewa ruhusa mapema. Nimelowa, nifungulie."

Wanangu, kama ni yeye? Kama kweli yuko nje na mvua ile? Mashavu alitamani, jamani, alitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu. Lakini zimwi halihitaji kufunguliwa mlango, linahitaji neno tu. Akajiuliza, Shomari wangu angesema nini? Angetaja jina la mwanawe. Akangoja lile jina. Halikutajwa.

Akafumba macho, akaziba kinywa cha mtoto kwa kifua na chake kwa ncha ya kanga.

Hodi tatu zikapita. Hakuna aliyejibu.

Nje kukasikika hatua zikigeuka. Chwa. Chwa. Chwa. Zikaenda kwa upande wa msitu.

Asubuhi akakuta buti lake kizingitini, limesimama wima, limejaa maji meusi mpaka juu. Akalisukuma kwa ufagio likamwagika njiani, hakuligusa tena. Na Ijumaa Shomari aliporudi, alisema hodi, akasikia kutoka ndani sauti ndogo, si ya mkewe, ya mwanawe, inauliza kwa ukali:

"Nani?"

Maana mchezo ulishabadilika.

Hadithi yangu nimeisindikiza mpaka hapa, yenyewe imeniambia rudi, nami narudi. Funzo lake ni hili: usimkaribishe usiyemwona, hata akiita kwa lugha ya mama yako. Na ikitokea umemkaribisha, usimkimbie, mtoe kwa adabu ile ile uliyomwingizia.

Haya. Kabla ya kulala, mmoja mmoja, nataka nisikie. Khatibu, wewe wa kwanza. Nageuka nyuma, sikuoni, hunioni.

Hodi!

Hodi!

Hodi!

"Nani?"

Vizuri, mwanangu. Vizuri. Sasa Mwatime.